Shati Juu ya Tangi

Asubuhi ya pili tulipoamka, njia niliyojia haikuwepo. Pikipiki yangu ilikuwa palepale nilipoiacha, imeegemea cheni ya ekskaveta, ule mtambo wa kuchimbia mfereji, lakini tuta lililonileta kutoka barabara ya Michenga lilikuwa limezama, na mpunga wa watu pande zote mbili ulichungulia ncha tu juu ya maji. Kwetu haikuwa imenyesha hata tone. Ilinyesha huko milimani, na maji yakashuka bondeni kimyakimya, kama yanavyoshuka kila masika, mpaka mtu anageuka na kukuta yuko kisiwani.

Tulikuwa wawili: mimi fundi, na opereta wa mtambo ule, Msukuma aliyenizidi umri kama miaka kumi na tano. Familia yake ilihamia kijiji cha Mbingu na ng'ombe zamani kidogo. Yeye akawaachia ndugu zake ng'ombe, akajifunza vyuma, na pembeni akawa analima mpunga. Alikuwa mrefu, na mikono yake ilikuwa na upole. Nimeona maopereta wengi wakizivuta leva kana kwamba wanagombana nazo. Yeye alizigusa tu, na mtambo ukamwelewa.

Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee."

Aliniangalia muda mrefu kidogo kuliko kawaida, kisha akaitikia, "Marahaba, daktari wa pampu."

Sikucheka. Nilijua kwa nini ananiita hivyo, na ili nieleweke inabidi nirudi nyuma siku moja.

Mtambo ulikuwa wa tajiri mmoja wa Ifakara mjini, ambaye alikuwa ameukodisha kwa wakulima waliotaka mfereji wa kupeleka maji kwenye majaluba yao. Mimi sikuwa mwajiriwa wake. Nina karakana yangu ndogo, naye alikuwa akiniita mtambo unapougua, na kila baada ya muda niliufanyia sevisi. Siku ile alinipigia simu akasema mtambo umelegea, maji yako njiani, na anataka utoke shambani kabla njia haijafungwa. Halafu akaongeza jambo jingine kwa sauti ya chini. Alikuwa amesikia kwamba opereta wake anaulazimisha mtambo. Ikiwa ameua pampu, akasema, basi hatagusa tena chombo chake chochote, na atahakikisha kila mwenye mtambo kuanzia Ifakara mpaka Mlimba anajua sababu. Alisubiri neno langu tu.

Kwa asiyejua, ekskaveta haina gia za kuinulia mkono wake. Kazi ya injini ni kuzungusha pampu. Pampu inavuta oili kutoka kwenye tangi na kuisukuma kwa nguvu kubwa kupitia mipira, na oili hiyo ndiyo inayoinua mkono, kukunja kijiko na kuzungusha cheni za kutembelea. Kama umewahi kulima mpunga wa umwagiliaji, tayari unaijua nusu ya kazi yangu. Jaluba moja likikosa maji huku ya jirani yamejaa, huendi mbali. Unakagua mlango wa jaluba lile. Majaluba yote yakikauka kwa pamoja, huhangaiki na milango. Unapanda juu mpaka kwenye banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni. Mtambo nao ni hivyohivyo. Cheni moja ikilegea, shida ni ya cheni ile. Mkono, kijiko na cheni zote mbili zikilegea pamoja, panda juu kwenye pampu.

Siku ile vyote vililegea pamoja. Opereta alinionyesha. Mtambo ulichimba vizuri kama dakika ishirini, kisha mkono ukaanza kupanda kwa kusitasita, cheni zikashindwa kuusogeza mtambo hata kwenye udongo mkavu, na pampu ikalia mlio kama wa kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Tukazima. Tukakaa saa nzima kwenye kivuli cha mkono wake. Tulipowasha ulikuwa mzima kabisa. Dakika ishirini nyingine, ukalegea tena.

Fundi yeyote mwenye miaka kadhaa kwenye kazi hii ameshakutana na dalili hizo. Pampu iliyolika ndani hufanya kazi oili ikiwa baridi, kwa sababu oili baridi ni nzito na haipenyi kirahisi kwenye nafasi zilizolika. Ikipata moto inakuwa nyepesi, inavujia ndani kwa ndani, na nguvu inapotea. Mtambo ukipoa, nguvu inarudi. Nilikuwa nimeona mitambo minne ya namna hiyo, na huu ukawa wa tano hata kabla sijafungua boliti moja.

Ningeweza kupima msukumo wa oili kwa geji, ila geji niliiacha karakana kwa haraka ya kuwahi maji. Ningeweza pia kufungua tangi na kutazama chujio lililomo ndani yake, lile linalozuia uchafu usivutwe na pampu. Opereta mwenyewe aliniuliza kama nimeliangalia. Nilimjibu papo hapo kwamba lile chujio nililiosha kwa mikono yangu wiki tatu zilizopita. Akaokota koleo lake. Mtu hawezi kubishana na fundi juu ya kitu alichokiosha fundi mwenyewe.

Mtandao wa simu pale shambani ulipatikana juu ya paa la kebini tu. Nikapanda, nikampigia tajiri, nikasema kwa sauti kubwa kwa sababu ya upepo: pampu imekwisha. Akauliza kama mtambo unaweza kutembea mpaka barabarani. Nikamwambia ni karibu saa nzima kwa mwendo wa cheni, na mtambo una nguvu za dakika ishirini. Akasema nisiondoke, nibaki nao mpaka atafute pampu nyingine Dar es Salaam.

Niliposhuka, opereta alikuwa amesimama chini ya kebini, koleo mkononi. Alikuwa amesikia kila neno.

"Umemwambia imekufa yenyewe," akaniuliza, "au nimeiua mimi?"

Nikamjibu kwamba hilo sikulisema. Ilikuwa kweli, na haikumsaidia chochote. Kesho yake asubuhi nikawa daktari wa pampu, na maji yakawa yametuzunguka.

Kisiwa chetu kilikuwa mwisho wa tuta, pale udongo wa mfereji ulipokuwa umerundikwa. Ungeweza kukizunguka kwa hatua arobaini. Nilijua idadi hiyo kwa sababu nilizihesabu mara nyingi, na kila mara nikitumaini kwamba nimekosea na zimeongezeka. Nilichomeka kijiti ukingoni ili nione maji yanavyopanda, na kufikia adhuhuri kijiti hakikuonekana. Basi tukaanza kazi ambayo sijaifanya tena tangu siku ile: kutumia mtambo mgonjwa kujijengea mahali pa kusimama. Opereta aliuwasha, akachota udongo upande wa juu na kuupanga upande maji yanapokula, na dakika ishirini zilipoisha alizima kabla pampu haijalia sana. Kisha tunangoja saa nzima, macho kwenye maji. Halafu dakika ishirini nyingine.

Nilimwuliza kwa nini tusitembee kidogokidogo, tupumzike, tutembee tena, mpaka tufike. Alinieleza taratibu, bila kunicheka. Katikati ya njia kuna mbuga ya udongo mweusi. Mtambo wa uzito ule ukipita pale bila kusimama, unapita. Ukisimama saa nzima kungoja oili ipoe, unakaa chini wenyewe, na maji yakishafika kwenye injini huo si mtambo tena. Alikuwa na haki ya kusema kwamba hayo ningepaswa kuyajua. Hakusema.

Mchana alipita mvuvi mmoja, Mndamba mwenzangu wa upande wa mama, akisukuma mtumbwi wake juu ya yale yaliyokuwa mashamba. Alitupatia kambale wawili na mchele kwenye mfuko wa plastiki, akasema ana nafasi ya watu wawili kama tutaacha mizigo. Nilitazama ule mtumbwi kama ninavyokumbuka kutazama mlango wa darasa nikiwa mdogo, nikingoja kengele. Opereta alishukuru na kukataa. Alisema akipanda mtumbwi ule na kuuacha mtambo nyuma, atakuwa ameshakubali kwamba ameuua. Kisha akanigeukia na kuniambia mimi niende, sina kesi hapa.

Sikwenda. Ningependa kuandika kwamba nilibaki kwa ushujaa. Nilibaki kwa sababu tajiri aliniambia nibaki, na kwa sababu sikuweza kufikiria kukaa kwenye mtumbwi nikimpa mgongo mtu yule huku maneno yangu yakiwa yamebaki naye kisiwani. Mvuvi akaondoka. Kwa muda mrefu tuliona kichwa chake kikipita juu ya mpunga, halafu hatukukiona.

Tulipika wale kambale kwa moto wa vigingi vilivyopimia mfereji. Yeye hakuwa mpenzi wa samaki, na alikula akitoa miba kwa uangalifu wa mtu anayetegua mtego.

"Ninyi Wandamba mnasema maji ni ndugu zenu," aliniambia. "Yaambie basi yarudi kwao."

"Yangekuwa ng'ombe ungeyapigia mluzi," nikamjibu.

Alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu nilipopiga ile simu. Nikapata moyo nikamwambia kwamba nikifika Ifakara nitamweleza tajiri kuwa pampu imekufa kwa uzee, si kwa kulazimishwa. Akaweka mfupa wa samaki kando.

"Ukimwambia uzee, atasema mzee ni mimi," akasema.

Nililala kwenye kiti cha kebini, kwa sababu alikataa kabisa kulala mle. Yeye alijifunika turubai juu ya uzani wa nyuma wa mtambo, lile pande la chuma linaloupa mizani. Sikupata usingizi mwingi. Kufungiwa na maji si jambo geni kwa mtu wa bonde hili. Tunajua maji yana siku zake na yataondoka. Kilichonibana ni kwamba kila nilipoipitia kazi yangu kichwani, tangu injini mpaka cheni, nilirudi palepale: pampu, na pampu ina maana opereta. Nilitamani nikute mlango mwingine. Nilitamani sana, ila niliutafuta kila mahali isipokuwa pale ambapo mkono wangu ulikuwa umepita.

Siku ya tatu maji yalifika kwenye sehemu ya chini ya cheni.

Opereta alikuwa na shati moja la vifungo na fulana moja. Fulana ilikuwa ya kazi. Shati lilikuwa la kuvaa siku tutakapotoka, na lilikuwa limelowa usiku, mvua ilipotufikia na turubai likavuja. Basi kila tulipomaliza zamu ya dakika ishirini alilitandaza juu ya tangi la oili, nyuma ya kebini, kwa kuwa tangi la ekskaveta hukaa na moto muda mrefu baada ya kuzima. Ndivyo maopereta wanavyokausha nguo masika, na baadhi hupasha viporo vyao hapo. Mimi nilikuwa nimeliona shati lile likiwekwa na kutolewa tangu alfajiri bila kulifikiria.

Karibu saa nne asubuhi alikuwa amemaliza zamu yake, mtambo umelegea, pampu imelia, amezima na ametandaza shati. Tulikuwa ndiyo kwanza tumekaa, tukaona udongo wa upande wa mtoni ukikatika. Si kipande kikubwa, lakini maji yaliingia kwenye ule ufa na kuanza kuulamba. Tulikimbia na makoleo. Baada ya dakika chache tulijua makoleo hayatoshi. Opereta alitazama mtambo, akautazama ufa, akaniambia kwamba hawezi kungoja saa moja. Kama pampu ni ya kufa acha ife ikifanya kazi. Akapanda, akawasha.

Mkono uliinuka mara moja. Kijiko kilikunja udongo kama siku ya kwanza mtambo ulipotoka kwenye meli. Hakuna kusitasita, hakuna kulia. Nilikuwa nimesimama kando ya tangi, koleo begani, na mbele ya macho yangu lile shati lilikuwa bado linafuka mvuke.

Nilisogea nikaweka kiganja kwenye tangi. Sikuweza kuhesabu mpaka tatu.

Nitalieleza polepole, kwa sababu kwangu lilikuja polepole. Kama ugonjwa ni joto, basi dawa ni kupoa. Siku zote mbili tulikuwa tukingoja saa nzima, kwa hiyo mtambo ulipopona nilisema umepoa. Lakini sasa ulikuwa umepumzika dakika kumi tu. Oili ilikuwa na moto uleule ulioniunguza kiganja, na mtambo ulikuwa na nguvu zake zote. Haukuhitaji kupoa. Ulihitaji tu kutulia. Kuna kitu kwenye oili ile ambacho kinabana pampu inapovuta, na kinaachia pampu inaponyamaza.

Alipomaliza kuziba ufa alizima na kutoa kichwa nje ya kebini, naye akiwa anashangaa. Nilimwuliza swali ambalo najua lilimfanya adhani maji yamenipanda kichwani. Nilimwuliza, kule Mbingu, banio lao likizibwa na majani huwa wanafanyaje.

"Tunashusha lango," akasema. "Maji yakitulia majani yanaachia, yanaelea. Unayatoa kwa mkono." Alilitazama tangi. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, "Fundi. Chujio."

Yeye alirudi na koleo kwenye ufa, maana ulikuwa bado unadondosha maji. Mimi nikapanda juu ya tangi. Kwanza unalegeza kizibo cha hewa, taratibu, ili tangi lipumue; ukiruka hatua hiyo oili itakurukia usoni. Halafu unafuta vumbi na tope kuzunguka mfuniko, hata kama una haraka, kwa sababu kila punje inayoingia itapita kwenye pampu. Kisha boliti sita. Chini ya mfuniko kuna fimbo ya chuma, na chujio limefungwa mwisho wake, chini kabisa ya tangi. Niliivuta juu.

Chujio lilikuwa safi. Nililiosha vizuri, sikudanganya. Ila lilikuwa limevaa kitambaa cha bluu, kimeling'ang'ania upande mmoja kama ngozi, oili ikitiririka kutoka kwenye matundu yake madogo. Nilikibandua. Kilikuwa kipande cha chandarua, kimekunjwa mara nne, na kwenye pindo lake kulikuwa na mshono wa uzi mwekundu.

Mshono ule ni wa mke wangu. Chandarua cha watoto kilipochanika alikishona kwa uzi aliokuwa nao, na kilipochakaa kabisa alinikatia vipande vya kuchujia oili. Bonde zima lina vyandarua vikuukuu. Watu wanazungushia navyo bustani za mchicha, wanafunikia vifaranga, na mimi nilichuja navyo oili kila sevisi. Nilijivunia jambo hilo. Nilifundisha wengine. Unafunga chandarua kwenye faneli kwa ukanda wa tyubu, unamimina, na taka zote za pipa zinabaki juu.

Nikakumbuka siku ya sevisi yote kwa mara moja. Nilikuwa nimefungua mfuniko uleule kuosha chujio, na kwa kuwa mdomo wake ni mpana niliona ni rahisi kumimina oili pale kuliko kwenye kijidomo cha pembeni. Ndoo ya mwisho ilinikuta na mvua. Nilinyakua faneli, nikaona ukanda wa tyubu bado uko, nikadhani na chandarua kipo, nikaweka mfuniko kabla maji hayajaingia. Niliporudisha vifaa kwenye boksi nilihesabu spana zote. Chandarua sikukiona, nikasema kimepeperuka mferejini. Naamini kilikwama wiki zile nyuma ya bati lililomo ndani ya tangi, hadi siku kilipoachia na kuvutwa kwenye chujio.

Nilikuwa peke yangu juu ya tangi. Opereta alikuwa amenipa mgongo, akipiga udongo kwa koleo. Maji yalikuwa hatua mbili kutoka kwangu, ya kahawia, yanatembea. Kile kitambaa kingezama kabla hakijafika kwenye mpunga. Ningesema chujio lilikuwa na uchafu, nimelisafisha, twende. Na ilikuwa kweli kabisa kwamba anayeongeza oili kila siku kwenye mtambo ni opereta. Tajiri angelimalizia mwenyewe lililobaki. Siwezi kusema nilikaa pale muda gani. Nakumbuka oili ikishuka mkononi hadi kwenye kiwiko, na nakumbuka kwamba lile shati lilikuwa limetandazwa karibu na goti langu, na nilikuwa nimelisogeza ili nisilichafue.

"Mzee," nikaita. "Njoo uone."

Alipanda kwenye cheni, akapokea kitambaa, akakifungua mkunjo mmoja baada ya mwingine.

"Hii si neti?"

"Ni neti. Yangu. Huo uzi ni wa mama watoto. Niliisahau humu siku ya sevisi."

Aliitazama. Akanitazama mimi. Nilingoja matusi, na ningeyapokea.

"Kumbe pampu ilikuwa inalala kwenye neti," akasema, "mbu wasiiume." Kisha uso wake ukabadilika, akanirudishia kitambaa. "Panda juu umpigie. Sasa hivi, nisikie. Kama nilivyosikia siku ile."

Nikapanda juu ya paa la kebini na mikono yangu ya oili. Tajiri alipokea haraka, akaanza kunieleza habari za pampu kutoka Dar es Salaam. Nilimkatiza, jambo ambalo sikuwahi kulifanya.

"Nilikosea," nikamwambia. "Pampu ni nzima. Ni kitambaa changu nilikisahau ndani ya tangi siku ya sevisi. Opereta hana kosa."

Akaacha habari za Dar es Salaam. Kisha akaniambia nirudie. Nikarudia, kwa sauti kubwa zaidi. Akauliza kama opereta yupo karibu. Nikasema yupo, ananisikia. Akasema tutoe mtambo, na kwamba mimi atanitafuta.

Kutoka hakukuwa jambo la kupanda na kwenda. Juu ya maji yale, opereta aliyekaa kebini asingejua tuta liko wapi na mfereji unaanzia wapi. Tulilaza pikipiki yangu ndani ya kijiko, tukaifunga kwa kamba. Akakata ufito mrefu kwenye mti mmoja uliosalia kisiwani, akanipa.

"Wewe ndiye uliyeniweka hapa," akasema. "Tangulia."

Basi nikatangulia. Maji yalinifika magotini, kisha kiunoni. Nilichoma ufito kushoto, nikachoma kulia, na nilipopata udongo mgumu pande zote mbili nilipiga hatua na kuinua mkono. Nyuma yangu cheni zilifuata zikipasua maji, karibu kiasi kwamba mawimbi yake yalinisukuma mgongoni. Sikuweza kwenda kando, kwa sababu kando kulikuwa na mfereji tuliouchimba wenyewe. Sikuweza kusimama, kwa sababu yeye hakupaswa kusimama. Muda wote nilitega sikio moja nyuma, nikingoja zile kokoto ndani ya kopo.

Dakika ishirini zilitukuta kwenye mbuga yenyewe, kama tulivyojua zingetukuta. Udongo mweusi ulinivua ndala moja, nikaiacha. Nilisikia cheni zikizama kidogo, zikaanza kuvuta kwa nguvu zaidi, na injini ikabadilisha sauti. Nilingoja. Pampu haikulia. Sauti yake ilikuwa moja, nene, isiyokatika, na iliendelea hivyo hadi maji yalipoanza kunishuka kiunoni, magotini, na ufito ukaanza kugonga changarawe.

Tajiri alikuwa akisubiri barabarani kando ya gari lake. Opereta alizima mtambo, akachukua shati lake juu ya tangi, akalivaa juu ya ile fulana ya tope. Alifunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, ndipo akashuka. Tajiri alimwuliza mtambo una shida gani.

"Mzima," akasema. "Mwulize fundi, anayo mfukoni."

Nikatoa chandarua. Tajiri alikishika kwa vidole viwili, akaugeuza ule uzi mwekundu, akanirudishia. Alimwambia opereta aupeleke mtambo Ifakara taratibu, na kwamba wiki ijayo kuna kazi ya mfereji mwingine, ajiandae. Mimi aliniambia kuwa sevisi zitafanywa na mtu mwingine kwa sasa. Nikasema nimeelewa. Ile "kwa sasa" imekwisha kuwa misimu miwili, na siku hizi nachuja oili kwa faneli yenye wavu wa shaba uliochomelewa, nayo naihesabu pamoja na spana.

Opereta alishusha kijiko, nikafungua kamba na kuitoa pikipiki. Nilikuwa na ndala moja. Tulikuwa tumeshaamkiana asubuhi, lakini sikupata neno jingine la kumwambia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akasema, tayari mguu mmoja uko juu ya cheni. "Nenda ukapumzike, fundi. Na neti usisahau."